Mashine ya Laki, Loki ya Soo Mbili: Acheni Kulaumu Wasichana wa Duka

Jumapili iliyopita nilifungua mashine ya mafuta ya mtu mwingine, hapa Manyatta, kwa ufunguo wa droo ya saluni ya mathe. Sikutumia nguvu, sikutumia waya wala bisibisi. Nilichomeka, nikazungusha, mlango ukafunguka kama vile ni wangu. Mwenye duka alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni. Binamu yangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amefutwa kazi siku nne kabla kwa kosa la kuiba mafuta kutoka kwa mashine hiyo hiyo, na sababu aliyopewa ilikuwa moja tu: "Ufunguo ni wewe ulikuwa nao."

Hiyo sentensi ndiyo imenileta hapa. Nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie.

Mnajua mashine ninazozungumzia. ATM ya maziwa, ATM ya salad. Ukitembea kutoka Kondele hadi Nyalenda huwezi kukosa kuziona: sanduku la chuma linalong'aa, vitufe juu, paipu chini, na msichana mmoja amekaa kwa stuli ya plastiki akingoja mteja. Unasema "ya ishirini," anabonyeza ishirini, mafuta yanashuka ya ishirini. Wale wa kununua chupa ya lita tatu kwa supamaketi wanaweza kuziona kama mchezo. Lakini kuna nyumba nyingi hapa mjini ambazo sukuma ya jioni haipikwi bila hiyo ya ishirini. Na kwa sisi vijana ni moja kati ya biashara chache ambazo mtu anaweza kuanzisha na pesa ya chama, au ya kaka aliye Qatar, au ya HELB (sitasema ni nani, lakini tulisoma pamoja na hakununua vitabu).

Shida ni kwamba mashine mpya ni ghali. Kwa hivyo watu wananunua iliyotumika. Biashara ya mtu imekufa Ahero au Homa Bay, mashine inabebwa juu ya pikapu, inauzwa nusu bei. Hakuna ubaya. Nusu ya vitu tunavyotumia vilianza maisha kwa mtu mwingine, hata hii simu ninayoandikia.

Lakini angalia mlango wa hiyo mashine. Mara nyingi, penye loki ilikuwa, utaona moja kati ya vitu vitatu: shimo tupu lililozibwa na gundi ya karatasi, shimo lenye mikwaruzo kuzunguka kama kuku amedona, au loki mpya inayong'aa kuliko mashine yenyewe. Yote matatu yanakuambia kitu kimoja. Kuna siku ufunguo haukuwepo, na mtu akaja na drili.

Kutoboa loki si dhambi. Ufunguo ukipotea na mashine ina lita hamsini za maziwa yanayoharibika ndani, utafanya nini? Fundi anatoboa pale pa kuingizia ufunguo, vile vibati vidogo vya ndani vinavunjika, anazungusha na bisibisi, mlango unafunguka. Dakika tano. Ugomvi wangu ni kile kinachofanyika dakika ya sita.

Dakika ya sita mtu anatumwa dukani: "Leta loki ya soo mbili." Na analeta ile loki ndogo ya droo, kitasa kile cha kuzungusha ulimi mmoja nyuma, ambacho kiko kwa kila meza ya fundi, kila kabati ya nguo, kila sanduku la barua. Inaingia kwa shimo, nati inakazwa, mlango unafungika, kila mtu anasema asante fundi. Mashine imefungwa. Ama watu wanadhani imefungwa.

Sasa nikuambie kitu kuhusu hizo loki. Chukua ufunguo wake uuangalie karibu. Una namba ndogo, tarakimu tatu au nne. Angalia uso wa loki yenyewe, mara nyingi ina namba hiyo hiyo. Hiyo namba si pambo. Inasema ufunguo umekatwa vipi. Loki za bei ya chini zina vibati vichache ndani na michoro michache ya ufunguo, kwa hivyo kiwanda kinarudia namba zile zile tena na tena. Nyingine zinatoka boksi zima zikiwa na namba moja. Kwa kabati ya ofisi hiyo inaweza kuwa sawa, mtu mmoja anataka kufungua droo kumi kwa ufunguo mmoja. Lakini wewe umenunua moja ukadhani ni yako peke yako.

Hivyo ndivyo nilijua. Binamu yangu alipofutwa aliambiwa arudishe ufunguo. Alikuja kwetu kwanza kulia, ndio ukweli, na ule ufunguo ukawa juu ya meza karibu na chai. Mimi nina tabia mbaya ya kushikashika vitu vya watu. Nikauangalia, nikaona namba. Nikasema ngoja. Nikaenda kwa mkoba wa mathe, nikatoa ufunguo wa droo ya saluni. Tarakimu zile zile. Droo hiyo ilitengenezwa na fundi wa jua kali Kibuye miaka miwili iliyopita, na mashine ya Manyatta iliwekwa loki mwaka huu. Mafundi wawili tofauti wasiojuana. Mathe alikuwa ameketi hapo. Akasema, "Kwa hivyo hata mimi ni mwizi wa mafuta?"

Basi Jumapili tukaenda, na mnajua kilichotokea.

Nitakuwa mkweli hapa, juu nikidanganya kidogo tu mtaniacha. Sijui ni nani alikuwa anachota mafuta. Nina mtu ninayemshuku, na nikimtaja nitakuwa nafanya kile kile ninachokilaumu. Hata binamu yangu, damu yangu, siwezi kukuapia mia kwa mia, kwa sababu sikuwa nalala kwa hiyo duka. Ninachojua ni kwamba mwenye duka pia hajui. Na hawezi kujua. Aliweka loki ambayo nusu ya Kisumu inaweza kuwa na ufunguo wake, kisha akachagua mtu mmoja wa kulaumu, na mtu huyo akawa ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Wiki saba alikuwa anakatwa mia tano tano. Wiki ya nane akafutwa.

Watu wanafikiri loki iko hapo kumzuia mwizi. Mwizi aliyeamua atakuja na nondo. Loki ya mashine ina kazi nyingine ambayo hakuna mtu anaizungumzia: inamlinda yule asiye mwizi. Ikiwa ufunguo ni mmoja kweli, na mafuta yamepungua, basi angalau kuna swali ambalo lina jibu. Ikiwa ufunguo uko kwa mifuko ya watu wasiohesabika, swali halina jibu, na penye swali halina jibu tunajua nani huwa analipa. Msichana wa duka. Kijana wa kuosha magari. Mlinzi wa usiku. Kila mara.

Kuna mse atasema, "Lakini siku hizi hakuna pesa ndani ya mashine, watu wanalipa kwa Till. Loki ni ya nini?" Nimeambiwa hivyo na watu watatu wiki hii, mmoja ana digrii. Ni kweli, M-Pesa imekuwa nasi tangu 2007 na hizi zetu hazina hata sanduku la sarafu. Loki zinavunjwa juu ya pesa kwa zile mashine za kumeza sarafu. Hapa kwetu kinachofungwa ni vitu vitatu, na vyote ni pesa.

Kwanza mafuta au maziwa yenyewe. Ukifungua ule mlango wa chini, paipu ya kutoka kwa tangi iko hapo. Unaichomoa, unaweka mtungi chini, mashine haijui kitu. Haijabonyezwa kitufe, haijahesabu. Jioni mwenye duka anaangalia: tangi imepungua lita nne, mashine inasema imeuza lita moja. "Umeiba." Hesabu iko sawa kabisa, mtu aliyeshikwa ndiye si sawa.

Pili, bodi. Ile bodi ya umeme ndiyo inayosema ishirini ni mafuta kiasi gani. Kuna paswadi ya kubadilisha bei na ya kusahihisha kipimo, na mashine iliyotumika inakuja na paswadi ya mwenye wa kwanza, au ile ya kiwandani ambayo haijawahi kubadilishwa. Anayeweza kufika hapo anaweza kufanya ishirini yako iwe ya kumi na sita. Mteja hataona. Mama aliye na watoto watano ataona tu kwamba siku hizi mafuta yanaisha haraka. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka kipimo chochote cha biashara kikaguliwe na kupigwa muhuri. Kwa hivyo mashine ikishafunguliwa kwa drili, mwite afisa wa vipimo aipime upya kabla ya kuuza hata ya kumi.

Tatu, tumbo la watu. Hii ndiyo inanifanya nishindwe kulala. Ni maziwa, wasee. Watu wanayapeleka kwa watoto. Kama mlango unafunguliwa na ufunguo wowote, yeyote anaweza kuongeza maji, au kitu kibaya kuliko maji. Na wale mnaoacha shimo tupu na gundi ya karatasi: mnaishi Kisumu ama mnaishi wapi? Hamjaona wale wadudu wa ziwa wanavyomiminika jioni taa zikiwashwa, hadi ukutani ni weusi? Shimo la milimita kumi na tisa kwao ni lango la Kenyatta Sports Ground.

Sasa turudi kwa pesa ya binamu yangu, kwa sababu wenye duka wengi hawajui sheria na wafanyakazi ndio hawajui kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu fulani tu. Kwa mali iliyoharibika au kupotea, ni ikiwa mfanyakazi alifanya makusudi, na kiasi kiwe cha haki. Kwa pesa iliyopungua, ni ikiwa kupungua kumetokana na uzembe au udanganyifu wake, na mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Soma tena polepole. Hakuna mahali imeandikwa "mafuta yamepungua na huyu ndiye alikuwa karibu." Kisha kuna kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa mwenendo mbaya lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na ana haki ya kuwa na mwenzake hapo akisikilizwa. Binamu yangu alielezwa kwa ujumbe wa WhatsApp wa sauti, sekunde kumi na moja.

Najua wengine mtasema namtetea juu ni wa kwetu. Sawa. Lakini nilianza kuuliza uliza, na kila penye kuna hizi mashine nasikia stori ile ile na majina tofauti. Msichana alifutwa. Msichana mwingine akaletwa. Mafuta yakaendelea kupungua. Akafutwa. Hakuna aliyebadilisha loki. Omera, kama umebadilisha wasichana watatu na hujabadilisha loki moja ya mia mbili, wewe hutafuti mwizi.

Na wauzaji pia nina neno nao. Mashine yenye loki iliyotobolewa ina historia, na mnunuzi ana haki ya kuisikia. Inaweza kuwa ufunguo ulipotea. Inaweza kuwa mwenyewe alishindwa kulipa mkopo na dalali akaja kuichukua, na mwenyewe akakataa na ufunguo kwa hasira. Ama iliibwa. Kwa macho, zote tatu zinafanana. Wewe kijana unayelipa elfu arubaini na tano kwa mashine ambayo kibati cha namba kimekwaruzwa, jua kwamba kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kushughulika na mali ya wizi, kinafika miaka kumi na minne ndani. Dai mkataba wa mauzo, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na picha ya mashine ikiwa na namba yake. Ikiwa anasema ufunguo ulipotea, muulize loki ilitobolewa lini na na nani, kisha mpigie huyo fundi simu. Muuzaji mkweli hatakasirika. Jaduong' mmoja Kibuye nilimuuliza hivyo nikijifanya mnunuzi, akanipa namba ya fundi kabla sijamaliza swali. Mwingine alianza kunipunguzia bei, na hapo nikajua naongea na nani.

Basi loki inabadilishwaje vizuri? Nilikaa na fundi mmoja siku nzima kujua hii, na si ngumu, ni uvivu tu unatumaliza.

Kabla ya chochote, toa maziwa au mafuta yote kwa tangi, chomoa umeme, funika bodi na nailoni. Ukitoboa chuma, vumbi la chuma linaanguka. Likianguka kwa bodi linaweza kuunganisha nyaya zisizofaa na kuichoma, na bodi si ya soo mbili. Likianguka kwa tangi, watu watalinywa. Na hapa fundi alinifunza kitu ambacho sikukijua: usitegemee sumaku kulitoa. Loki nyingi ni za shaba au ile zinki iliyopakwa rangi ya fedha, na mwili wa mashine kwa kawaida ni chuma kile kisichoshika kutu. Vyote hivyo sumaku haivivuti, ama inavivuta kidogo sana. Utapitisha sumaku, itatoka safi, utadhani ni salama. Tumia brashi, kitambaa chenye maji, na kama unaweza kupata ile mashine ya kuvuta vumbi, bora zaidi. Kisha osha tangi na paipu kama mara ya kwanza.

Halafu pima shimo. Usiseme "loki ya kawaida," hakuna kitu kama hicho. Loki nyingi za aina hii zinaingia kwa shimo la karibu milimita 19, lakini kuna za 16, na urefu wa shina lake unategemea unene wa mlango. Beba mabaki ya ile ya zamani na ulimi wake uende nao dukani. Ulimi ukiwa mfupi milimita mbili, mlango utafungika ukivutwa na kufunguka ukipigwa ngumi.

Angalia pia umbo la shimo. Shimo zuri si duara kamili, lina pande mbili zilizonyooka zinazoshika loki isizunguke. Drili ikishapita vibaya zile pande zinaliwa, shimo linakuwa duara, na loki yoyote utakayoweka itazunguka yote nzima ukiishika na koleo. Hutahitaji hata ufunguo. Dawa yake ni kipande cha bamba chenye shimo la umbo sahihi, kinachofungwa kwa ndani ya mlango. Fundi akitaka kukichomelea, mwambie atoe bodi kabisa kwanza, asifunike tu. Umeme wa kuchomelea umeua bodi za watu wengi. Kwangu mimi bora rivet mbili.

Kisha loki yenyewe. Tafuta ile ya pini, si ya vibati, na kama unaweza kupata yenye ufunguo wa mviringo kama bomba, chukua. Ni bei zaidi, lakini hatuzungumzii bei ya ng'ombe, ni bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Muhimu kuliko aina: angalia namba. Mwambie mwenye duka akutolee tatu nne kutoka boksi tofauti, linganisha funguo. Zikiwa na namba moja, toka, nenda duka lingine. Oginga Odinga Street ina maduka ya vifaa ya kutosha, huwezi kukosa. Ukirudi, jaribu funguo zote za nyumbani kwako na za majirani kwa hiyo loki. Inaonekana ni ujinga. Mimi pia niliona ni ujinga hadi Jumapili.

Na usisahau bawaba. Nimeona mlango una loki nzuri sana na pini za bawaba ziko nje, zinatolewa na msumari.

Paswadi badilisha siku hiyo hiyo. Za bei, za kipimo, zote.

Ufunguo wa pili, ule wa akiba, uweke kwa bahasha, ninyi wawili mwenye duka na mfanyakazi mpige sahihi juu ya gundi. Bahasha ikifunguliwa kila mtu ataona. Na ikiwa mwenye duka anataka kukaa na ufunguo wake kwa mfuko, ni haki yake, mashine ni yake. Lakini basi mafuta yakipungua, washukiwa ni wawili, na mmoja ni yeye.

Kuna wale watasema hakuna loki isiyofunguka. Kweli kabisa, na nina mfano mzuri kuliko wao. Mwaka 2004 huko Marekani watu waligundua kwamba kufuli ghali za baiskeli za Kryptonite, zile za ufunguo wa mviringo ninazowasifia hapa, zinaweza kufunguliwa na bomba la plastiki la kalamu ya Bic. Kalamu! Video zikasambaa kwa intaneti. Kwa hivyo ndiyo, hata hiyo si muujiza, na ukipata mpya ya kisasa chukua mpya. Lakini angalia kilichofuata. Kampuni ilibadilishia wateja kufuli zao bila malipo. Haikuwaambia wenye baiskeli, "labda ni mdogo wako aliiba." Walikubali kwamba kitu walichouza hakifungi.

Hicho tu ndicho nilitaka kwa yule mwenye duka. Mlango ulipofunguka alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa ulijuaje ni huo ufunguo? Si ni nyinyi mlitengeneza nakala?" Manze, niliishiwa na nguvu. Mathe ndiye aliyemjibu, alikuwa amekuja na sisi. Alimwambia twende saluni Kondele sasa hivi, tuangalie droo, na stakabadhi ya fundi ina tarehe. Hakuja. Alisema ana wateja.

Nilipita hapo jana. Kuna msichana mpya kwa stuli, anaonekana wa miaka kumi na tisa hivi. Loki ni ile ile. Nilinunua mafuta ya ishirini ili nipate nafasi ya kuongea naye, nikamwambia apige picha kiwango cha tangi kila asubuhi akiingia na kila jioni akitoka, na ajitumie kwa WhatsApp ili ziwe na saa. Aliniangalia kama mwendawazimu. Halafu akauliza, "Kwani yule wa kwanza alifanyiwa nini?"

Jumatatu tunaenda ofisi ya leba na binamu yangu. Tumebeba ujumbe wa sauti, rekodi za M-Pesa za ule mshahara uliokatwa, na ufunguo wa saluni.